Lori Lisilomngoja Mtu

Polikarpo alikuwa mtu wa kueleza. Ukimfuata kwenye lori lake hata kwa kuomba kiberiti tu, utaondoka umejua maji ya rejeta yanapitia wapi na kwa nini plagi inashika masizi. Majirani zake wa Tandika, huko Temeke, walishamzoea. Walikuwa wakimwitikia "ehee, ehee" huku wanawaza foleni ya unga ya kesho, naye wala hajali, anaendelea.

Lori lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la ushirika wa mtaa, limenunuliwa kwa michango wakati ule watu walipokuwa na imani na kila kitu chenye neno ushirika. Sasa vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, maduka yalikuwa na rafu zilizofutwa vizuri zisizo na kitu juu yake, na lori lilikuwa limezeeka. Hendeli ya kuzungushia injini iliibwa siku nyingi. Betri ilikuwa jina tu. Breki ilibidi uipampu kwanza ndipo ikusikilize. Na klachi, hiyo ndiyo iliyomkosesha Polikarpo raha.

Asiyejua magari aambiwe mara moja, kama mwenyewe alivyopenda kuwaambia watu. Klachi ndiyo inayoachanisha injini na magurudumu. Ukikanyaga pedeli yake, injini inaunguruma peke yake, gari linaweza kusimama likangoja, linaweza kubadilishwa gia. Ukiachia, vinashikana tena na gari linakwenda. Katika lori lile pedeli ilisukuma kifimbo cha chuma, kifimbo kikasukuma mafuta ndani ya silinda ndogo yenye mpira, na mafuta hayo ndiyo yaliyokwenda kuifungua klachi. Ule mpira ulikuwa umelika. Duka la vipuri mjini lilikuwa na kaunta, karani, na jibu moja: pitia mwezi ujao. Mafuta yake nayo hayakupatikana, basi Polikarpo akawa anajazia maji ya sabuni, kama madereva wengi wa siku zile. Sabuni nayo ilikuwa ya kupanga foleni. Mkewe, Genoveva, alisema wanawe wanasuguliwa kwa majivu ili gari lipate kunywa sabuni, na hakusema kwa utani.

Jioni alipojikunja chini ya usukani kupima na kujazia, aliyemshikia tochi alikuwa Mihayo. Huyu alikuwa Mnyamwezi, kuli mstaafu wa bandarini Kurasini, mzee mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Magari hayakumhusu. Alikuja kwa sababu lori lililala mbele ya nyumba ya mtani wake, mzee Mwishehe, na Mwishehe akishaingia ndani kuswali, Mihayo alibaki hana wa kumchokoza. Polikarpo akamweleza yote, kwa furaha ya mtu aliyepata msikilizaji asiyeondoka. Alimwonyesha hata pini iliyounga pedeli na kile kifimbo, kipande cha chuma kisichozidi kidole cha mwisho.

"Hii ndiyo roho yake, mzee Mihayo. Ikitoka hii, gari haliendi popote."

Mihayo akaitikia ehee, akapiga miayo.

Mwishehe mwenye nyumba alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, baba zake wamezikwa njia ya kusini kabla mji haujafika Temeke. Yeye na Mihayo walibeba magunia pamoja kwa miaka yote ya nguvu zao, na tangu siku ya kwanza walikuwa watani, kwa sababu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara ya bara. Kila mmoja alimwita mwenzake mtumwa wake. Mwaka mmoja, mkesha wa Idi, Mihayo aliswaga mbuzi wa Mwishehe kutoka zizini, akamtafuta mwalimu wa madrasa amchinje kwa halali, akampika, akamwalika mwenyewe aje kula. Mwishehe alikula, akaongeza, akasifu mchuzi. Aliporudi nyumbani kulikuwa na kamba tupu kwenye kigingi. Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Hakuweza kukasirika, mtani ana haki zake, na haki kubwa kuliko zote ni ya siku ya msiba. Siku hiyo mtani anaficha majembe ya kuchimbia, analala ndani ya kaburi, anazuia jeneza njiani mpaka apewe chochote cha kumtuliza, na mfiwa anatakiwa acheke hata kama machozi yanamtoka.

"Nikifa mie," Mwishehe alipenda kusema barazani, "huyu mtumwa atacheza ngoma, apate kula wali wangu."

"Wewe hufi," Mihayo alimjibu kila mara. "Hufi mpaka mie nikupe ruhusa."

Polikarpo aliyasikia hayo mara nyingi. Yeye alikuwa Mmwera wa upande wa Ndanda, Mkatoliki, na alipoingia Temeke akiwa kijana na sanduku lake la bati, hana ndugu wala anayemjua, Mwishehe ndiye aliyempa chumba, akamkalisha barazani kwake, akawaambia waliopita njiani kuwa huyu ni mwanangu. Mtaa mzima ukamchukua hivyo. Watu wa mjini wamesahau, lakini neno lile lilimfanya Polikarpo mtu.

Mwishehe alifariki alfajiri moja baada ya masika. Hakuumwa sana. Alitawadha, akakaa kitandani kuvua saa, hakuinuka tena.

Mdogo wake, Fakihi, mwanamume mkavu asiyependa maneno mengi, alisema kaka yake atazikwa Vikindu, ubavuni mwa mama yao, na atazikwa siku hiyo hiyo jua halijazama. Watu walishatangulia kuchimba. Lori lilikuwepo, dereva alikuwepo. Mjane, Bi Chausiku, alimwita Polikarpo kwenye mlango wa uani, akasema naye kutoka nyuma ya pazia.

"Mwanangu, mchukue baba yako taratibu. Umfikishe kwa mama yake."

"Nitamfikisha, mama," Polikarpo alijibu. "Jua halitazama."

Aliyasema kwa moyo wake wote, tena aliyasema mbele ya wanawake waliojaa uani, na wote walimsikia.

Baada ya sala ya adhuhuri jeneza lilipakiwa. Wanaume walipanda, wakakaa pande zote mbili wakilishika. Hija, mwenye teksi, alileta betri yake ya kuwashia. Fakihi alikaa mbele. Polikarpo aliingia, akasema moyoni jina la mtakatifu wake, akakanyaga klachi.

Pedeli ilianguka hadi sakafuni.

Haikuwa na uzito wowote. Aliinyanyua kwa ncha ya kiatu, akakanyaga tena, ikaanguka tena. Aliinama nje ya mlango akafungua kikopo cha maji ya sabuni. Kilikuwa kimejaa kama alivyokiacha jana. Alishuka, akalala chali mchangani akapapasa bomba linalopeleka maji hayo kwenye klachi. Lilikuwa kavu, hakuna tone. Basi akajua. Au tuseme alijua alichokuwa akikijua kwa miezi: kikopo kimejaa, bomba halivuji, pedeli haina nguvu, maana yake mpira umekwisha ndani ya silinda na maji yanarudi yalikotoka. Dereva yeyote mzuri wa siku zile angesema hivyo hivyo. Mpira haukuwepo Dar es Salaam nzima. Hakuona haja ya kuingiza kichwa chini ya usukani, mahali penye giza, kutazama kitu kingine.

Uani watani wa kike walikuwa wakiimba kwamba hatoki, hatoki, Mzaramo hatoki. Bibi mmoja wa Kinyamwezi, aliyejifunga kanzu ya marehemu kiunoni, alimsogelea Polikarpo pale mchangani akamuuliza kama ameomba ruhusa kwa mtani. Polikarpo alimwomba amwache, gari ni bovu.

"Eh, litakuwa bovu tu," bibi akasema, na watu wakacheka.

Hakuna aliyeuliza Mihayo yuko wapi. Siku kama ile mtani akipotea machoni watu wanajua anapanga jambo lake, wanamwacha.

Fakihi alitazama jua, kisha akamtazama Polikarpo. Kutafuta gari lingine kungekula alasiri yote, na petroli ya gari hilo ingetoka wapi. Polikarpo alimweleza mambo kwa kifupi, jambo lililowashangaza wote waliomfahamu. Gari linaweza kwenda bila klachi, alisema. Utaliwasha likiwa ndani ya gia namba moja, litaruka na kuondoka. Gia zinabadilishwa kwa sikio, unangoja sauti ya injini ifanane na mwendo, unaitia. Aliwahi kufanya hivyo njia ya Masasi, gari likiwa tupu. Shida ni moja. Halitaweza kusimama na kungoja. Likizima njiani, halitawaka tena, kwa sababu betri haina kitu, na gari lisilo na klachi hata mkilisukuma jeshi zima gia haiingii.

"Kwa hiyo tusisimame," Fakihi alisema.

"Tusisimame, Bwana Fakihi."

Aliwaambia waliokuwa juu walishike jeneza kwa mikono miwili. Akatia namba moja, akageuza ufunguo. Lori lilitikisika, likasogea hatua moja, likagoma. Mara ya pili likagoma. Mara ya mwisho betri ya Hija ilitoa nguvu zake zote zilizobaki, lori likaruka mbele kwa mshindo, watu juu wakapiga yowe, injini ikashika. Hija alibaki na betri yake iliyokufa mkononi. Walikuwa njiani.

Wanaomfahamu Polikarpo kwa maneno yake wangemwona siku ile wasingemtambua. Hakusema kitu. Alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, kichwa amekiinamisha upande mmoja kuisikiliza injini. Aliivuta gia ya kwanza ikatoka, akangoja, akangoja kidogo tena, akasukuma ya pili ikaingia bila kelele. Fakihi alishusha pumzi. Walipofika kwenye barabara ya Kilwa, basi lilikuwa likija kutoka upande wa mjini, na dereva wa kawaida angesimama kulipisha. Polikarpo alitoa kichwa dirishani, akamwonyesha mwenye basi kiganja, akaingia barabarani mbele yake. Basi lilipiga breki, kondakta akatoa tusi, kisha alipoona jeneza akavua kofia.

Mkokoteni wa magunia ulikuwa katikati ya njia. Polikarpo alipunguza, akaogopa injini isije ikakohoa, akapenya kando huku tairi likikwangua mtaro. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukimsumbua. Kwa mazoea ya miaka ulikuwa ukienda wenyewe kwenye pedeli, na kila mara ulikuta hakuna kitu, ni chuma kinachoning'inia. Alijilazimisha kuuvuta nyuma chini ya kiti. Alikuwa na hofu, na hofu yake haikuwa ya ajali. Alikuwa akiona pazia la mlango wa uani na kuisikia sauti yake mwenyewe ikisema jua halitazama.

Kabla ya Mtoni barabara inateremka. Polikarpo alifika pale na gia ya tatu, mwendo mkubwa kuliko alioutaka, na mzigo wa watu ukimsukuma kwa nyuma. Alitaka ya pili. Alivuta ya tatu ikatoka, akaijaribu ya pili, meno yakasaga kwa sauti iliyomfanya Fakihi afumbe macho. Lori lilikuwa halina gia, linateremka lenyewe. Alipampu breki, mara moja, tena, tena, ikashika kidogo. Akaipa injini mafuta, akasikiliza, akasukuma kwa kiganja. Ya pili ikaingia. Lori likajizuia, likawa linateremka mwendo wa mtu anayekimbia.

Hapo ndipo alipomwona Mihayo.

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza kahawa pembeni ya mteremko, peke yake, amegeuzia barabara uso. Alipoliona lori aliinuka. Alilitazama kwa namna ya ajabu, mdomo wazi, kama mtu aliyeona kisichowezekana. Kisha alitembea hadi katikati ya lami, akavua makubazi, akayapanga vizuri ukingoni, akalala chali kuizuia njia, miguu ikilielekea lori.

Juu ya lori watu waliangua kicheko. Mtani ameamka, walisema, mtani anataka chake. Walianza kupiga bati la paa la dereva kwa viganja, wakiimba na kumwita Mihayo mtumwa wa marehemu. Polikarpo alipiga honi. Alitoa kichwa akapaza sauti kwamba klachi imekufa, gari halisimami. Walio juu wakacheka zaidi, maana hayo ndiyo maneno ambayo mtu angesema kumtania mtani. Fakihi naye, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipiga kelele, alijitokeza nusu mwili dirishani.

"Mihayo, ondoka! Klachi imekufa!"

Mihayo hakuondoka. Aliinua mkono mmoja, ngumi imefungwa, akautikisa, kama mtu anayesema hilo nalijua. Kisha akaushusha kifuani.

Kushoto kulikuwa na mtaro mpana. Kulia kulikuwa na wanawake waliopanga mkaa wao hadi ukingoni mwa lami, nao walikuwa wamesimama wakitazama kituko. Polikarpo alikanyaga breki, injini ikaendelea kusukuma. Alipampu, breki ikashika nusu, lori likapungua lakini halikusimama. Kulikuwa na njia moja tu na aliijua tangu alipomwona mzee akilala. Azime injini likiwa ndani ya gia. Injini iliyokufa ingeyakaba magurudumu, lori lingesimama. Lakini lingesimama hapo kwa siku nzima, na Mwishehe angelala Mtoni, kando ya magunia ya mkaa, na Bi Chausiku angeletewa habari.

Akageuza ufunguo.

Kelele zote zilikatika. Lori lilijikaza, tairi za nyuma zikalia kwenye lami, jeneza likateleza mbele na mikono yote juu ikalidaka. Likaserereka. Likaserereka tena kidogo. Bampa lilipita juu ya miguu ya Mihayo, kivuli chake kikamfika tumboni, likasimama.

Watu hawakucheka tena. Sasa walikuwa wameelewa.

Polikarpo alishuka. Aliweka jiwe kwenye tairi, kwa sababu mikono ilifanya kazi yake bila kumuuliza, kisha akaenda mbele, akamshika Mihayo shati akamvuta kutoka chini ya bampa na kumsimamisha. Alikuwa amekasirika kuliko alivyowahi kukasirika katika maisha yake. Wazaramo wote pale walikuwa wamefungwa na mila, hakuna aliyeruhusiwa kumkasirikia mtani siku ya msiba. Yeye hakufungwa na lolote. Aliinua mkono ampige.

Mihayo hakujikinga. Alifungua ngumi. Ndani yake kulikuwa na kipande cha chuma, kisichozidi kidole cha mwisho.

Polikarpo aliitazama ile pini muda mrefu. Mkono wake ulishuka wenyewe. Alikumbuka tochi, na jioni ile, na mdomo wake mwenyewe ukisema roho yake ndiyo hii. Mpira ulikuwa haujafa. Silinda ilikuwa nzima, maji ya sabuni yalikuwa mahali pake, na tundu lilikuwa wazi chini ya usukani, umbali wa mkono, katika lile giza ambalo hakutaka kuingiza kichwa. Aliona aibu, na hasira yake ikawa haijui iende kwa nani.

"Uliniambia haliendi popote," Mihayo alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imebaki ya kunong'ona. "Nikaitoa alfajiri. Nikasema watanitafuta, watanibembeleza, nami nitakataa, nitakataa tena. Jua litazama. Atalala kwake leo. Leo tu." Akajifuta uso kwa mkono wenye pini, akajipaka grisi. "Nimemuona anakuja barabarani. Hakuna hata mtu aliyenibembeleza."

Hapo mzee akalia. Mtani halii msibani, hiyo ndiyo kazi yake, wengine walie yeye achekeshe. Mihayo alilia wazi mbele ya watu wote, mabega yanamcheza, na wanaume juu ya lori waliangalia pembeni kwa heshima.

Fakihi alikuwa ameshuka. Alimsogelea. Polikarpo alidhani atasema neno kali, na angekuwa na haki, mila au hakuna mila. Fakihi alikuna ndevu.

"Sie tunakubembeleza sasa, mtani," akasema. "Mpe kaka yangu njia."

Mihayo alitazama jeneza kwa muda. Kisha akaiweka pini kwenye kiganja cha Polikarpo, akamfunga vidole juu yake.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Polikarpo alijikunja chini ya usukani, akapapasa giza, akakipata kifimbo kinaning'inia, akakilinganisha na tundu la pedeli, akasukuma pini. Kiwaya cha kuizuia pini isitoke Mihayo alikuwa amekipoteza. Mwanamke mmoja wa mkaa alifungua gunia lake akatoa waya aliofungia, akautupa dirishani bila kuulizwa. Polikarpo aliusokota, akaukaza kwa meno. Alikaa, akakanyaga. Pedeli ilimsukuma mguu, nzito, hai. Kwa mara ya kwanza toka adhuhuri alivuta hewa hadi chini ya kifua.

Gari lenye klachi likizimika mteremkoni halina shida. Aliwaambia waliokuwa wameshuka waondoe jiwe na wasukume, naye akashikilia pedeli chini na gia ya pili imeshaingia. Waliosukuma walikuwa wengi, na Mihayo alikuwa katikati yao, bega kwenye bodi, mahali alipozoea kuweka bega maisha yake yote. Lori likaanza kuteleza. Likapata mwendo. Polikarpo akaachia klachi, injini ikakohoa mara moja, ikashika. Waliosukuma wakarukia bodi wakikimbia, mmoja baada ya mwingine, wakavutwa juu kwa mikono.

Mihayo hakurukia. Umri ulikuwa umempita kwa hilo, na makubazi yake yalikuwa bado ukingoni, yamepangwa vizuri. Kwenye kioo Polikarpo alimwona akibaki nyuma katikati ya barabara, anapungua, mikono imening'inia, hakupunga wala hakuita.

Jua lilikuwa bado lipo, si jingi, lakini la kuwatosha kufika Vikindu kama wasingepoteza muda. Fakihi alilitazama. Polikarpo naye alilitazama. Chini ya mteremko, kabla ya daraja, alikanyaga breki, akakanyaga klachi, akatoa gia. Lori likasimama, injini ikiunguruma peke yake.

"Jua, Polikarpo," Fakihi alisema, kwa upole.

"Nimeliona. Tumngoje."

Fakihi alifungua mlango, akashuka, akaenda nyuma kuwaambia watu watoe nafasi upande wa kichwa cha jeneza. Mzee alikuja polepole, makubazi mkononi, miguu mitupu kwenye lami yenye moto. Kwa mazoea ya kuogopa, Polikarpo alikuwa bado amekanyaga klachi ingawa hakukuwa na haja, gia ilikuwa nje; alikuwa akitaka tu kuhisi kuwa ipo. Mguu hakuuondoa. Alisikia mikono ikimvuta mzee juu, visigino vikikwaruza bodi, kisha kimya, kisha ile sauti kubwa, imerudi karibu yote.

"Haya, sogea, mtumwa. Nimekuja."

Fakihi alirudi akafunga mlango. Polikarpo akatia gia ya kwanza, ikaingia bila kelele, akaachia pedeli taratibu, kama Bi Chausiku alivyomwambia.